Bahasha ya Tatu

Kwenye wasifu wa marehemu mume wangu, mwaka ule ulipewa mstari mmoja tu. Shemeji yangu alisimama uani na karatasi mkononi, akasoma mbele ya jeneza kwamba marehemu Proti alifanya kazi ya kukata miti kwenye msitu wa kupandwa, upande wa magharibi wa mlima, ambako alipata tatizo la masikio. Kisha akavuka kwenda kwenye ndoa, mtoto, na ugonjwa uliomchukua. Watu waliitikia kwa vichwa. Wengi wao walimjua kama yule mzee wa Kilema asiyesikia, anayetabasamu ukimsalimia na kukujibu swali ambalo hukumwuliza. Mstari ule niliuandika mimi, na neno "alipata" nililichagua mimi. Ni neno la mtu aliyepata mafua. Limenikaa kooni tangu siku ile, ndiyo maana nimechukua daftari hili, kwa sababu mwaka ule hauenei kwenye mstari mmoja na mimi nimechoka kuuficha humo.

Ya utoto wangu nayaacha. Inatosha kujua kwamba nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, najua kusoma, najua kupika, na nilichukuliwa kuwa mpishi wa kambi ya wakata miti. Jiko lilikuwa chumba cha mabanzi, yale maganda ya magogo yanayobaki mbao zikishapasuliwa, na kati ya banzi na banzi upepo wa baridi uliingia bila kubisha hodi. Kila kitu kilinuka utomvu wa paini: blanketi, chumvi, hata chai. Mlima niliouzoea nyumbani, huku ulikuwa umenigeuzia ubavu, na kwa wiki za kwanza nilikuwa nauangalia kama ndugu aliyenuna. Nilipika makande kwenye sufuria ambalo mtoto angeweza kuogea, ugali na maharage siku nyingine, na Jumamosi, mtu akitoka nyumbani na mkungu, nilipika kiburu, ndizi na maharage vikapondwa pamoja, nao wanaume wakanyamaza. Ndiyo ilikuwa dalili kwamba chakula ni kizuri. Siku nyingine walipiga kelele mezani kana kwamba bado wako msituni, kila mmoja akimfokea aliye pembeni yake, na mimi nilidhani ni tabia tu ya wanaume wenye njaa.

Proti alikuwa mshika chenso, ule msumeno wa mashine. Pale kambini huo ulikuwa ufalme. Wapo waliokata matawi, wapo waliovuta magogo, na wapo washika chenso watatu waliokula kwanza na kuvaa kofia upande. Yeye alikuwa mwembamba, mwenye mikono mirefu, na mcheshi wa kupindukia. Akiingia jikoni alikuwa ananuka petroli na kuniuliza kama leo nimepika au nimechemsha tu. Mwenzake wa kazi aliitwa Elia, kijana wa Machame, Mlutheri mpole, ambaye alipigilia kabari nyuma ya msumeno na kuangalia mti unaelekea wapi. Hao wawili walikaa benchi moja na kugombania ukoko. Nilijifunza kuitambua mashine ya Proti kati ya zile tatu, kwa namna ilivyokuwa inapumua kabla ya kuingia kwenye mti, nikawa nasonga ugali huku nikimsikiliza. Nilikuwa nimependa, na sikujificha sana.

Kulikuwa na vifuniko vya masikio. Sitaki mtu aseme havikuwepo. Vilikuwa vya rangi ya njano, vipya, vimetundikwa kwenye misumari ya ukuta wa jiko langu, na mimi kwa ujinga wangu nilitundikia kimoja vitunguu. Hakuna aliyevivaa. Washika chenso walikuwa na sheria yao, walioirithi kwa waliowatangulia: mti husema kabla ya kuanguka. Kuna mlio mdogo mkavu ndani ya shina, na mtu anayeusikia anapata nafasi ya kuruka pembeni. "Ukiziba masikio umejichimbia kaburi," Proti aliniambia. "Mimi nataka nimsikie jamaa anaponiaga." Kwa hiyo ili wausikie mlio ule mdogo, waliacha masikio wazi mbele ya mashine inayonguruma kutwa nzima, na mashine ikawa inakula ule usikivu wenyewe waliokuwa wanautunza. Leo naona hivyo. Wakati ule niliona ushujaa.

Mwezi wa tano, mvua za masika zikikatika, Proti alikunywa chai mlangoni asubuhi moja akasema, "Ndege wa huku wamehamia wapi? Nilipofika walikuwa wanapiga kelele mpaka nachukia." Ndege walikuwepo. Walikuwa wanalia juu ya paa, wale wadogo wenye sauti nyembamba, hata nilikuwa nataka kuwafukuza. Nilimwangalia kuona kama ananitania. Hakuwa ananitania. Nikasema labda ni baridi imewahamisha, naye akakubali, akamaliza chai yake. Huo ndio uongo wangu wa kwanza kwake, na niliusema kwa upendo, na ulikuwa mwepesi kabisa.

Baada ya hapo nikaanza kusikiliza maongezi yao kwa makini zaidi. Mabanzi hayafichi kitu. Siku moja walikuwa wanazungumzia mzee mmoja wa kambi nyingine aliyepelekwa kwenye kitalu cha miche kwa sababu ya masikio. Kitalu kilikuwa chini karibu na barabara, na waliofanya kazi kule walikuwa kina mama. Wanaume walicheka sana. "Amepewa ndoo ya kumwagilia," mmoja akasema. "Bado kanga tu." Elia akasema mzee yule angalau atasikia wajukuu wake. Ndipo Proti akasema, na sauti yake haikuwa na mzaha, "Mimi siku nikiambiwa niache chenso, napanda gari mpaka Himo, navuka Kenya, na Kilema hawanioni tena. Siwezi kuonekana hivyo." Mkono wangu ulikuwa kwenye unga. Tulikuwa tumekubaliana kufunga ndoa Desemba, watu wakiwa wamerudi nyumbani kwa Krismasi. Mama yangu alikuwa ameshaanza kutenga ulezi wa kupikia pombe ya mbege.

Mpimaji wa masikio alikuja mwezi wa saba, baridi ikiwa imeshika kiasi cha maji kuuma mkono. Alikuwa mama wa makamo kutoka Moshi mjini, mwenye koti la sufu na sanduku la mashine. Walimtengea stoo ya mablanketi kwa sababu ndiyo ilikuwa na ukimya, akawa anawaita mmoja mmoja, anawavisha kitu cha masikioni, nao wanainua kidole wakisikia mlio. Wakishamaliza walirudi msituni. Mchana alikuja kukaa jikoni kwangu, akaandika kwenye meza ninayokatia nyama, huku akinywa chai na kunisifu kwa tangawizi. Aliandika barua tatu tu, akazitia kwenye bahasha na kuzifunga kwa ulimi.

"Msimamizi wenu hayupo, nimeambiwa ameenda mjini," alisema. "Na hizi si zake. Ni za wenyewe. Utampa kila mtu mkononi, binti yangu, maana mambo ya mwili wa mtu ni siri yake. Wasio na barua waambie wako sawa. Nikuamini?"

"Niamini, mama," nikasema.

Gari lilipoondoka nilizigeuza. Ya kwanza ilikuwa ya mzee mmoja mvuta magogo. Ya pili ya mshika chenso wa pili. Ya tatu ilikuwa na jina la Proti, na gundi yake ilikuwa bado mbichi. Sikuhitaji hata kisu. Barua ilikuwa fupi na imeandikwa kwa mwandiko mzuri. Ilisema masikio yote mawili yameanza kufa kwenye sauti nyembamba. Ilisema kilichokwisha kupotea hakirudi, lakini kilichobaki kinaweza kuokolewa kama ataacha mashine sasa. Neno "sasa" alikuwa amelipigia mstari. Ilimtaka aionyeshe kwa msimamizi ili abadilishiwe kazi, kisha aende hospitali kabla mwezi haujaisha.

Naweza kusema niliogopa ataenda Kenya, na ni kweli niliogopa. Lakini nimeahidi kutoandika tena kama nilivyoandika wasifu. Kulikuwa na kitu kingine. Nilimwona na ndoo ya kumwagilia, katikati ya kina mama, na wanawake wenzangu wa Kilema wakiniuliza mchumba wako anafanya kazi gani siku hizi. Nilikuwa nimempenda mshika chenso. Niliufungua mdomo wa jiko, nikaweka barua na bahasha yake chini ya sufuria la maharage, na ikaungua haraka kuliko nilivyotegemea. Maharage yale waliyala jioni ile wakasifu.

Zile mbili nilizitoa mkononi, kama nilivyoagizwa. Proti alisimama akingoja, ameweka kofia kifuani kwa utani, na macho yake hayakuwa na utani. "Na mimi?"

"Wewe huna," nikasema. "Kasema masikio yako ni mazuri."

Alininyanyua kutoka chini mbele ya watu wote, mwiko ukiwa mkononi mwangu, akanizungusha mpaka kilemba kikaanguka. Wale wawili walihamishiwa kitaluni wiki iliyofuata, wakachekwa, wakazoea. Yule mshika chenso nilimkuta Himo miaka mingi baadaye, dukani, ananunua redio. Aliiweka sikioni, akamwambia muuzaji apunguze sauti kidogo. Nilitoka dukani bila kununua nilichofuata.

Nilidhani nimepata njia ya katikati. Nikavitoa vitunguu kwenye kifuniko, nikakiosha kwa sabuni, nikaanza kumsumbua Proti akivae. Nilimbembeleza, nilimnunia, nilimnyima ukoko. Nilimwambia mpimaji amesisitiza, hata kwa wazima. Mwishowe akakubali ili nimpe amani, na Elia naye akavaa chake kwa kumuunga mkono mwenzake, wakawa wanatoka asubuhi na vichwa vya njano, wenzao wakiwazomea. Nilijiona nimelipa. Kwa wiki kadhaa nililala vizuri kabisa, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi nikikumbuka.

Mwezi wa tisa, siku ya jua, mti waliokuwa wameukata uliegemea mwenzake na kukwama juu. Hilo hutokea. Proti alizima mashine, akarudi pembeni kuongeza mafuta, akainama na kuupa mti mgongo. Mti ukasema. Waliokuwepo walinieleza jioni ile ile: mlio mkavu, wa wazi, hata wavuta magogo waliokuwa mbali waligeuka. Elia alipiga kelele. Watu wakakimbia. Proti aliendelea kumimina mafuta, taratibu, kama mtu aliye peke yake duniani. Elia akarudi, akamshika ukosi na kumvuta, lakini Elia mwenyewe akachelewa hatua moja. Tawi lilimpiga bega la kulia. Daktari wa Moshi aliliunga, lakini mkono ule haukuinuka tena kupita kifua.

Proti alikuja jikoni akiwa na vumbi la mbao kwenye nywele, akakaa juu ya gunia la unga. Sikuwahi kumwona mwanaume akilia hivyo, bila kujifuta. "Mashine ilikuwa imezimwa, Leoka," alisema. "Imezimwa. Mbona sikusikia? Mama yule si alisema masikio yangu ni mazuri?" Aliniangalia akisubiri. Nilikuwa na sufuria mkononi na nakumbuka nililiweka chini polepole ili lisigonge. Nikamwambia, "Umechoka tu. Ni uchovu." Akavua kile kifuniko cha njano kilichokuwa bado kinaning'inia shingoni, akakiangalia. "Ni hiki," akasema. "Ni hiki kilichoniziba." Elia alikuwa amevaa chake pia siku ile, na alisikia. Hilo nililijua. Proti akakitupa motoni, kwenye jiko lile lile, na plastiki ikatoa moshi mweusi uliotutoa wote nje tunakohoa.

Kwetu mtu aliyemkosea mwenzake kosa zito hachukui maneno matupu. Anachukua jani la isale, lile refu la kijani tunalopanda kwenye mipaka ya kihamba, lile shamba la ukoo, na makaburini, analifunga fundo, anakwenda nalo. Aliyepelekewa hawezi kulikataa. Proti alilikata kwao Kilema, tukasafiri nalo mpaka Machame, mimi nikiwa nimebeba kibuyu cha mbege. Elia alikuwa amekaa kwenye kigoda chini ya migomba, mkono kwenye kitambaa. Proti alipiga magoti kwenye majani makavu, mbele ya mama yake Elia na wajomba, akainua jani kwa mikono miwili. "Nisamehe. Nilikuwa mzembe. Nina masikio na sikuyatumia." Elia alilipokea kwa mkono wa kushoto. "Yameisha, ndugu yangu," akasema. "Inuka, utachafua suruali." Watu wakacheka kidogo, kwa ahueni. Mama yake akaja kunishika mikono na kuniambia, "Aika, asante mwanangu, umepata mwanaume wa kweli." Kosa lilikuwa langu, na nilisimama pale nimeshika kibuyu, nikamwangalia mtu ninayempenda akiliombea msamaha kwa magoti.

Tulifunga ndoa Desemba. Aliendelea na chenso miaka mingine sita, masikio wazi, akisema safari hii hakuna mti utakaomponyoka. Sauti zilimtoka moja moja. Zilianza nyembamba: ndege, mbuzi wadogo, kengele ya sadaka. Zikafuata za watoto na wanawake. Yangu ilikwenda kabla ya ya padre. Neema alipozaliwa, Proti alimlaza mapajani na kumwekea kiganja kifuani ili ajue kama analia. Binti yangu alijifunza kuongea kwa kumshika baba yake kidevu na kumgeuzia uso kwake. Alipata zawadi ya ngonjera shuleni, akaja kumsomea mstari kwa mstari kwa sauti kubwa uani, naye akapiga makofi mahali pasipo pake. Neema akaingia ndani. Nilimsikia analia kwenye mto. Nilijua neno ambalo lingemweleza kila kitu, nikaenda kukamua ng'ombe.

Na nilimwambia Proti. Nilimwambia mara nyingi sana. Akiwa anapogoa kahawa amenipa mgongo, nilisimama hatua mbili nyuma yake na kusema kwa sauti ya kawaida, "Ulikuwa na barua. Niliichoma." Akaendelea kukata. Nilimwambia akinyoa, nikiwa nje ya kioo chake. Nilimwambia hospitali, siku za mwisho, akiwa amegeukia ukutani. Sikuwahi kumwambia usoni, kwa sababu usoni alikuwa anasoma midomo.

Siku ya kuanua matanga, Elia alikuja. Hatukuwa tumeonana miaka mingi. Baada ya ajali alikwenda kupasua mbao kwenye mashine ya mtu mjini, akiulisha msumeno kwa mkono mmoja mpaka uzee. Nilimwona akiingia na fimbo, bega lile limeshuka, na kabla sijafikiri nikaenda kwenye mpaka wa kihamba, nikakata isale, nikalifunga fundo. Uani watu walikuwa wamejaa, wanakula machalari, ndizi na nyama. Nilipiga magoti mbele ya kiti chake. Nikasema yote, taratibu, kwa sauti ya chini, kuanzia bahasha ya kwanza mpaka ya tatu.

Elia aliinama, akaweka mkono wa kushoto nyuma ya sikio. "Mama Neema, samahani," akasema kwa sauti kubwa mno, ile sauti niliyoijua. "Mimi nami yameshakwisha. Sema kwa nguvu."

Ningeweza kusema si kitu. Ningeweza kumletea chakula. Nilivuta pumzi nikapaza sauti kama tulivyokuwa tunapaza kambini, nikasema kwamba Proti hakuwa mzembe, kwamba aliandikiwa barua ya kuacha mashine, kwamba niliifungua, nikaisoma na kuichoma jikoni, na kwamba mkono wake yeye Elia niliuvunja mimi. Vijiko vilisimama. Shemeji yangu, msomaji wa wasifu, aliweka sahani chini.

Elia akalichukua jani kwa mkono ule ule wa kushoto, akaliweka mapajani, akalilaza vizuri. "La kwangu nimelipokea," alisema. "La Proti siwezi kumpokelea."

Niliinuka kwa kushika kiti chake. Neema alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe. Yeye anasikia vizuri.